Reli Iliyoingia Ukutani

Kabla sijamsema mtu, niseme kwanza kwamba kosa lilikuwa langu. Ninalisema mapema kwa sababu mdogo wangu Jeptoo akinisikia nasimulia habari hii hukaa pembeni akisubiri nifike mahali pa kukiri, na nikichelewa ananikatiza mbele ya wageni.

Mwaka 2006 tulikuwa tukiishi pamoja Adelphi, kule Marekani, mimi na yeye, kwenye fleti ya ghorofa ya pili karibu na University Boulevard. Mimi nilikuwa nesi, nina miaka arobaini na miwili, nimeachana na mume na sina haraka na mwingine. Yeye alikuwa na ishirini na tisa, anasomea unesi, na alikuwa amempata Mtanzania. Godlisten, Mchaga wa Moshi, fundi wa viyoyozi. Mrefu, mpole, meno meupe pee, na kila akiingia mlangoni ananiamkia, "Shikamoo, dada." Sisi Wakenya wa bara hatujazoea mambo hayo. Mwezi wa kwanza nilidhani ananiambia nimezeeka.

Walipotaka kuoana, Jeptoo alimpigia simu baba yetu, Mzee Kibet, kule nyumbani Moi's Bridge. Baba hakukataa wala hakukubali. Kwetu binti haolewi mpaka watu wake waende kuuliza: huyu ni wa ukoo gani, mama yake anaishije na majirani, katika nyumba hiyo kuna mwenye mkono mrefu? Kazi hiyo hufanywa na wajomba na mashangazi, wakizunguka boma hadi boma wakinywa chai za watu na kutega masikio. Sasa Adelphi mjomba utamtoa wapi? Baba akasema, "Si Jerotich yuko huko? Jerotich atachunguza."

Na mimi, Mungu anisamehe, niliipenda kazi hiyo. Nilianza siku ile ile. Nilimuuliza Benadetha, Mtanzania tuliyekuwa tukifanya kazi naye wodini, akasema hajasikia baya lolote. Nilimtafuta kijana aliyewahi kukaa naye chumba kimoja, akasema Godlisten huosha vyombo bila kuambiwa. Nilikuwa karibu kukata tamaa, maana mpelelezi asiyepata kitu huona kama amedharauliwa. Ndipo nikagundua kwamba Jumamosi asubuhi hakuna mtu hata mmoja anayejua Godlisten yuko wapi.

"Huwa anaenda wapi?" nilimuuliza Jeptoo.

"Kutembea tu. Anapenda kutembea."

"Kutembea wapi? Na nani?"

"Sista, usinianze. Si umuulize mwenyewe?"

Sikumuuliza. Nilijiona mjanja kuliko kuuliza. Jumamosi iliyofuata alikuja kula chakula cha mchana, suruali ina tope magotini, na alipokuwa akinawa mikono nikashuka chini, eti naenda kutupa taka. Mlango wa gari lake haukuwa umefungwa. Kwenye kiti cha nyuma niliona nyundo, brashi ya waya, panga fupi na daftari. Nililifungua daftari hapo hapo, nimesimama katikati ya maegesho na mfuko wa taka mkononi.

Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu aliyechapwa shuleni. "Georgetown, mtaa wa O: reli mbili, bado nzima, zimelala kati ya mawe. Bladensburg, nyuma ya ghala: reli mbili, kama mita kumi na nane, zimefunikwa nusu. Manassas, upande wa pili wa stesheni: kipande kimoja, kinaweza kung'olewa wakati wowote." Ukurasa baada ya ukurasa, chuma baada ya chuma, na mahali kilipo.

Nikalirudisha kitini, hukumu nimeshaitoa.

Ili mtu anielewe lazima nieleze habari za Baba. Alikuwa mnyapara wa genge la reli kwenye tawi la kwenda Kitale kwa miaka ishirini na sita. Genge lilikuwa la watu wanane na lilipewa kipande chake cha njia kukitunza. Kila asubuhi Baba alikitembea kwa miguu, nyundo begani, akigonga hapa na pale na kusikiliza. Sisi watoto tuliamshwa na nyundo hiyo kabla ya jogoo. Halafu treni zikapungua, genge likavunjwa, naye akaambiwa aende nyumbani akapumzike. Hilo alilivumilia. Alichoshindwa kuvumilia ni wezi wa vyuma kuukuu. Walikuja mchana kweupe wakafungua bolti, wakang'oa mataruma ya chuma yaliyobeba reli, wakapakia kwenye mkokoteni wa punda na kwenda zao. Baba alisikia nyundo zao akiwa shambani. Mara ya kwanza alikwenda kuwakabili, wakamcheka. Mara ya pili hakwenda. Tangu hapo hakuitaja reli tena, na mtu akiitaja mbele yake aliinuka kwenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa salama kabisa.

Ningemuuliza Godlisten swali moja tu, yangeisha. Badala yake nilipanda juu, nikajifungia chumbani na kumpigia Baba.

"Ni mtu wa skrepu," nikamwambia. "Anazunguka mji mzima na nyundo, anaandika mahali reli zilipo."

Baba aliniambia nirudie, nikarudia. Kisha akasema, "Mwizi wa reli hatakanyaga boma langu," akakata simu.

Jeptoo alipojua, hakupiga kelele. Alipika ugali wa mtu mmoja. Siku ya kwanza wa mtu mmoja, siku ya pili wa mtu mmoja, siku ya tatu nikamwona anaosha sufuria huku machozi yanamdondoka kwenye povu, akasema bila kunitazama, "Wewe huwa una-assume tu. Uli-assume hivyo hivyo hata kwa mume wako." Hilo la mume tuliache. Lakini liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli.

Godlisten aliambiwa tu kwamba Mzee amekataa. Sababu Jeptoo alishindwa kuitamka. Aliona aibu kwa ajili yangu. Ijumaa jioni akaja peke yake, akakaa kwenye ncha ya kochi, mikono katikati ya magoti.

"Dada," akasema, "naomba uniambie nimekosea wapi. Kama ni utaifa, nitajitahidi kuelewa. Kama kuna jambo nimelifanya vibaya, jamani, niambie nijirekebishe. Mimi nampenda Jeptoo. Sina mpango mwingine."

Nikamuuliza, "Kesho asubuhi unaenda wapi?"

"Bladensburg."

"Tutaenda wote. Mimi na Jeptoo tutakuja nawe."

Uso wake uling'aa mpaka nikashangaa. "Kweli, dada? Hakuna mtu aliyewahi kuniomba hivyo."

Basi Jumamosi tukashuka mpaka Bladensburg, tukaacha gari karibu na mto na kuzunguka nyuma ya ghala kuukuu la matofali mekundu. Magugu yalinifika kiunoni. Godlisten alitangulia, panga mkono wa kulia, nyundo imechomekwa kwenye mkanda, na mimi nyuma yake nikijiambia, sasa utaona, Jerotich, sasa utaona kwa macho yako.

Alifyeka magugu sehemu ndogo tu, kama ya kutandika mkeka, akapiga magoti na kutoa ile brashi ya waya. Reli ilitokeza kwenye udongo, nyekundu kwa kutu. Akaanza kuisugua polepole, akipuliza vumbi, kama mama anayemchana mtoto nywele siku ya Jumapili. Alipomaliza alisimama, akahesabu hatua, akapiga picha mbili na kuandika kwenye daftari lake. Kisha akatuonyesha upande wa ghala. Reli zote mbili zilikwenda moja kwa moja mpaka ukutani na kuishia hapo. Juu yake ungeweza kuona umbo la mlango mkubwa, matofali yake ni ya rangi nyingine.

"Zilikuwa zinaingia ndani," alisema. "Behewa lilisukumwa mpaka ndani ya ghala, likapakuliwa humo humo. Halafu siku moja mtu akaziba mlango, na hakuna aliyekumbuka kuziambia reli."

Jeptoo alicheka. Mimi sikucheka.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa nini, dada?"

"Unazing'oa lini?"

Alinitazama kama niliyemuuliza anamzika mama yake lini. "Nizing'oe? Nizing'oe za nini? Nimekuja kuziangalia."

"Kuziangalia tu?"

"Kuziangalia na kuzisafisha kidogo. Na kuandika, maana leo ipo, kesho wanajenga duka juu yake." Akajikuna kichwa, akaona haya. "Najua ni kama utoto. Pale Moshi tulikaa karibu na stesheni, treni ya abiria ikaacha kuja. Hakuna aliyetuambia imeacha. Mimi niliendelea kwenda kuisubiri, nadhani mwaka mzima. Nilipofika huku, ule mwaka wa kwanza, simjui mtu, baridi inaua, nikawa natembea Georgetown, nikajikwaa. Kuangalia chini, reli. Katikati ya mtaa, kwenye mawe, watu wanazipita tu na mbwa wao. Kwa kweli nilijisikia kama nimekutana na mtu wa nyumbani. Tangu hapo nazitafuta. Kuna wazee wa Kimarekani wanazitafuta pia, tunatumiana picha. Mpaka sasa nimezipata mahali arobaini na moja."

Arobaini na moja. Na mimi nilikuwa nimemwita mwizi. Nilimtazama Jeptoo, Jeptoo akatazama mto, yaani, mwambie mwenyewe.

"Godlisten," nikasema, "Mzee hakukataa kwa sababu ya utaifa. Alikataa kwa sababu nilimwambia wewe ni mwizi wa reli. Nilisoma daftari lako. Sikukuuliza."

Alikaa juu ya reli aliyokuwa ameisafisha. Akawa anaigeuza brashi mkononi.

"Mwizi," akasema. "Dada, mimi hata kijiko cha mtu sijawahi kuchukua." Mtu mzima yule akageuza uso upande wa ukuta ili tusimwone. Aibu niliyoisikia asubuhi ile sijaisikia tena maishani, na siitaki.

Nilitoa simu na kadi ya kupigia nyumbani. Kule ilikuwa jioni, ng'ombe wanakamuliwa. Baba alipokea, na aliposikia ninachotaka kusema akanikatiza.

"Nimekwisha sema, Jerotich."

"Baba, nilikosea. Haibi. Anazisafisha."

"Hakuna mtu anayesafisha reli iliyokufa."

"Huyu anasafisha!"

"Anakudanganya. Nawajua hao. Wanaanza kwa kuangalia."

Sasa mimi hasira zangu nimezirithi kwake, na zilipanda zote mara moja. "Basi sikiliza mwenyewe!" nikasema, na kumgeukia Godlisten. "Gonga."

"Nigonge nini?"

"Gonga reli, wewe! Baba alikuwa mnyapara miaka ishirini na sita, gonga asikie!"

Nilipiga magoti kwenye matope, nikawasha spika ya simu na kuishusha mpaka karibu na chuma. Godlisten akachomoa nyundo akagonga mara moja, taratibu, kama anayebisha hodi kwa wakwe. Sauti ilitoka nzito, ikaacha mlio mfupi nyuma yake.

Halafu Baba akasema, si kwa Kinandi tunachosema nyumbani, bali kwa Kiswahili, kile cha genge, cha kutoa amri, ambacho sikuwa nimekisikia tangu nikiwa msichana.

"Tena."

Godlisten akagonga tena.

"Songa hatua mbili kushoto. Gonga."

Akasonga. Akagonga.

"Mbili nyingine. Gonga. Bado. Moja tena. Hapo! Simama hapo. Hapo pana kiungo, na bolti moja imelegea."

Godlisten aliniangalia, kisha akainamia simu. "Shikamoo, Mzee. Samahani, hapa hapana kiungo. Ni reli moja ndefu. Nimeipima mwenyewe."

"Kijana, nimesema pana kiungo. Chimba."

Akachimba kwa ncha ya panga, na Jeptoo akapiga magoti kumsaidia kwa kucha zake zilizopakwa rangi. Chini ya udongo, chini ya vipande vya matofali, likatokea lile bamba la chuma linalozishika reli mbili zikawa njia moja, na bolti zake nne.

"Kipo!" Godlisten alipiga kelele mpaka ndege wakaruka. "Mzee, kipo! Nimekuja hapa mara sita, sijawahi kukiona!"

"Huwezi kukiona. Imelegea ipi?"

Akazishika moja moja. "Ya tatu."

"Ikaze."

Godlisten alisita. "Lakini Mzee, hapa hapapiti treni. Tangu kabla sijazaliwa haipiti."

"Nimekuuliza kama treni inapita?"

"Hapana, Mzee."

"Ikaze."

Alikimbia hadi kwenye gari, akarudi na spana na mafuta ya kulainisha kutu, vitu vya kazi yake ya viyoyozi. Nati haikukubali. Baba akamwambia asiilazimishe, aimwagie mafuta na kuiacha inywe. Basi tukangoja, watu wazima watatu tumechuchumaa kwenye magugu ya Bladensburg tukiitazama nati, na simu iko juu ya reli, na ndani yake tunamsikia Baba akipumua na ng'ombe mmoja akilia mbali. Jeptoo alikuwa amemshika Godlisten bega.

Kisha yule mwanamke wa kadi ya simu akaingia na sauti yake tamu ya kurekodiwa, akatangaza kwamba nimebakiwa na dakika moja. Nilimtukana. Haikusaidia, laini ikakatika.

Sikuwa na kadi nyingine, na Jeptoo hakuwa nayo. Godlisten hakuinua kichwa. Aliiweka spana, akaegemea kwa uzito wake wote, akapumzika, akaegemea tena, na mara ya tatu nati ikatoa mlio wa kukwaruza, ikazunguka. Akaendelea kuizungusha mpaka ikagoma.

"Imekaza," akasema, na hapakuwa na wa kumwambia.

"Atadhani sisi ndio tumekata," Jeptoo alisema. "Amekwisha kasirika. Sasa hatapokea tena."

Simu ikalia.

Ilikuwa namba ya nyumbani. Ni lazima mjue kwamba baba yangu hakuwa amewahi kupiga simu Marekani. Alikuwa aki-flash tu: inalia mara moja, anakata, nasi tunampigia. Tulingoja ikate. Ikalia mara ya pili. Ikalia ya tatu. Nikainyakua.

"Imekaza?" Baba aliuliza, bila salamu.

"Imekaza, Baba."

"Agonge nisikie."

Godlisten akagonga. Safari hii mlio ulipita kwenye kiungo bila kukwama, ukaenda mpaka ukutani, na mimi mtoto wa mnyapara niliyeusikia kitandani utoto wangu wote nikaanza kulia waziwazi, kamasi na yote.

"Ehe," Baba akasema taratibu. "Namna hiyo." Kisha, "Ni yeye aliyekaza? Si wewe?"

"Ni yeye."

Nilisikia akivuta kiti akikaa. Kisha akasema kwa Kinandi, kwa sauti ndogo, kana kwamba hakutaka majirani wasikie.

"Mwambie aje Desemba, nyasi zikikauka, njia inaonekana. Watu wake waje waseme maneno yao, tutawasikiliza. Lakini yeye atangulie siku moja, na avae viatu vya kutembea."

"Atangulie kwa nini, Baba?"

"Kipande changu ni maili sita," akasema. "Tangu waniachishe kazi sijapata mtu wa kutembea naye."